Shija Huzaliwa Baada ya Mapacha

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni ni ya kibuyu. Kilikuwa kibuyu kidogo cha shingo fupi, kilichopakwa mafuta ya karanga mara kwa mara na kukaa karibu na moshi wa jikoni hadi kikapata wekundu wa udongo wa kichuguu. Kilivikwa kipande cha kaniki, na nililala nacho kitanda kimoja tangu sijajua kutambaa. Nikijigeuza usiku nilisikia mbegu zake zikichakarika ndani. Kiliitwa Doto. Mimi ni Kulwa, na Mnyamwezi akisikia hivyo haulizi zaidi, kwa sababu Kulwa ni pacha aliyetangulia kutoka na Doto ni aliyemfuata. Doto wangu alifariki kwa surua kabla hatujaota meno. Kwa desturi ya wazee wetu, mama aliyefiwa na pacha mmoja hakuachwa mikono mitupu. Alipewa kibuyu, akakivika nguo, akakilaza ubavuni mwa mtoto aliyebaki, na kila alipomlisha huyu alimgusisha chakula na yule. Kwa watu wengi desturi hiyo ilikwisha mtoto aliyebaki alipoanza kutembea. Mama yangu hakuiacha.

Sitasema uongo, nilikichukia. Uji ukiiva, tone la kwanza lilikwenda kwa kibuyu, na mimi mwenye tumbo nilingoja. Nilikuwa nakifinya Mama asipoona. Siku moja nilikificha ndani ya kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa tulivyohifadhi kwa ajili ya kiangazi, na Mama alipokipata hakunichapa, aliniambia tu kwamba mwenzangu hajashiba. Najua watakuwepo watakaosoma hapa wakasema huo ni uchawi. Waseme. Watu haohao wametundika sebuleni picha za marehemu wao, wanazifuta vumbi kila Jumamosi, na hakuna anayewaita wachawi. Mama hakuwa na picha. Mpiga picha alikuwa mbali, Tabora mjini, na Doto hakuishi muda wa kushonewa hata gauni la kupigia picha.

Tulikaa Kigwa, kando ya reli, ambako treni ya kwenda Tabora ilipita ikitikisa vyungu jikoni. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Wazee wa pale walikuwa wana na wajukuu wa wapagazi waliobeba pembe begani hadi pwani, na majina yao yalikuwa na habari ndani yake. Aliyezaliwa safarini aliitwa Safari, wa wakati wa njaa aliitwa Nzala, na aliyezaliwa akitanguliza miguu alikuwa Kashindye atake asitake. Hakuna aliyekaa chini kuchagua. Jambo lilitokea, na mtoto akabeba jina la jambo lenyewe, ili ukikutana naye ujue nyumbani kwao kulipita nini. Baba yangu alikuwa mnyapara wa gengi lililobadilisha mataruma ya reli, mtu wa mikono hodari na sauti ya kuamrisha. Muda mfupi kabla ya habari hizi alibatizwa akajiita Zakaria. Sina ugomvi na jina lile, kwa kuwa alilichagua mwenyewe, akiwa mtu mzima, kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe. Ugomvi wangu unaanza pale alipogeukia vichwa vya wengine.

Mama alijifungua msimu wa mvua, wakati wa uyoga, mtoto wa kike. Mkunga alitoka nje akatangaza uani kwamba Shija amefika. Hakumuuliza mtu, wala hakuna aliyeshangaa. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, awe wa kike au wa kiume, mapacha wawe hai au wamekufa. Wapita njia waliokwenda kuokota uyoga walisimama wakampongeza Mama wa Shija, na nilimwona Mama akitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Wakati ule sikuelewa. Sasa naelewa vizuri kabisa. Jina lile lilisema kwamba kabla ya mtoto huyu walikuwepo wawili. Kila atakayemwita Shija, hata mgeni asiyetujua, atakuwa amemhesabu Doto bila kuombwa.

Jioni Baba alirudi kutoka kazini relini, akanawa, akamshika mtoto, akasema anaitwa Hilda. Aliongeza kwamba asisikie tena neno Shija nyumbani mwake. Hilda alikuwa mke wa mkaguzi wa reli, Mzungu aliyepita naye siku moja kwa kiberenge, kile kigari cha reli, akashuka kunywa chai. Mumewe alimwita kwa jina, Baba akalisikia, akalipenda kama mtu anavyopenda kofia dukani. Hakumjua yule mama, hakujua jina lina maana gani, na yule mama hakujua kama Baba yupo duniani. Tangu jioni hiyo Baba alianza kumwita Mama kwa jina jipya, Mama Hilda. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na ndoo ya maji mkononi, mzaliwa wake wa kwanza, na baba yangu mzazi akamwita mke wake kana kwamba hajawahi kuzaa kabla ya siku ile. Mama hakuitika. Aliita tena, hakuitika. Alipotaka chakula ilimbidi aseme Mama Kulwa kama siku zote, na alilisema kwa kuuma meno.

Baba hakutaka ubatizo uchelewe, akamleta mwinjilisti wa kanisa letu azungumze na Mama. Alikuwa mtu mpole, wa koti lililochanika kwapani, na Mama alimwekea kiti na kumwandalia karanga. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa upole uleule. Alieleza kwa utaratibu kwamba majina ya mapacha yanafuatana na matambiko, na matambiko na Kristo havikai chungu kimoja. Mtoto angebatizwa Hilda, na kile kibuyu kitoke ndani kwanza. Kuhusu Doto alisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali ile mimi nilikuwa nimeizoea kwenye mambo ya kugawana nyama na viti, na sikujua mtu anaweza kumtupia mama aliyefiwa. Mama alikuwa ananyonyesha. Alingoja mgeni amalize, kisha akauliza.

"Mwinjilisti, una watoto wangapi?"

"Sita. Wanne ninao, wawili Bwana aliwachukua."

"Hao wawili wana majina?"

Akayataja, yote mawili, na sauti yake ikashuka kidogo.

"Basi na wangu ana jina," Mama akasema. "Wewe unasema sita na hakuna anayekubishia. Mimi nikisema watatu, mnaniambia ni matambiko."

Mwinjilisti alichukua karanga, akaimenya, akairudisha. Nilidhani ameshindwa, nikafurahi. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba wake walikuwa wamebatizwa. Zamani zile nilikuwa mtoto, na mtoto hukasirika leo akasahau kesho. Hasira ya neno lile haijanitoka mpaka leo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa mzazi, alikuwa anaujua, akaukana kwa mwenzake kwa sababu ya maji ambayo mtoto wa Mama hakuwahi kuishi vya kutosha kumwagiwa.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ni ubatizo, Mama alikwenda kisimani. Nilibaki na Baba. Alikitoa kibuyu kitandani mwangu, akakivua kaniki, akaketi uani na kisu chake. Nilidhani atakivunja. Laiti angekivunja. Alikipasua taratibu kutoka shingoni hadi kitakoni, kwa mkono uleule wa ufundi wa kazini, akapata kata mbili nzuri za kuchotea maji. Mbegu zilimwagika chini, kuku wakazidonoa. Nilijaribu kuwafukuza, akaniambia niache utoto. Alizisugua kata kwa mchanga na maji, akazining'iniza ukutani juu ya mtungi, akanieleza kwamba kitu cha Mungu kinapaswa kuwa na kazi. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa ameridhika, kama mtu aliyetengeneza mlango uliokuwa ukilia, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe.

Mama alirudi na jasho. Alitua ndoo, akachukua kata ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono wake, akachota, akanywa. Alikunywa funda moja. Kisha nilimwona akisimama, kata ikiwa bado mdomoni, pua yake ikinusa. Mchanga haukuwa umeondoa mafuta ya karanga ya miaka yote ile. Aliinusa tena, akaigeuza akaitazama ndani na nje, akatazama na ile nyingine ukutani. Hakulia. Kwetu pacha haombolezwi kwa kelele, na labda mazoea yalimzuia.

"Baba Kulwa," alisema, "umeninywesha maji ndani ya mtoto wangu."

Baba alijibu kwamba ni kibuyu, na kwamba shamba zima limejaa vibuyu.  Mama alizichukua zile kata mbili, akazirudishia kaniki yake, akaenda kuzifukia nyuma ya nyumba, mahali alipozikwa Doto mwenyewe. Jumapili alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma, akasikiliza mtoto wake akiitwa Hilda. Watu waliimba. Walimsifu Baba kwa msimamo. Hakuna hata mmoja, mwanamume kwa mwanamke, aliyemuuliza Mama neno.

Mama aliendelea kumwita Shija maisha yake yote. Kwa miaka ya mwanzo mdogo wangu alimwitikia, na kwa Baba akaitikia Hilda, kama watoto wanavyojua kuishi na wakubwa wasiopatana. Alipokwenda kusoma Tabora, akalala bweni na wasichana wa mjini, alirudi likizo akatuomba tuache lile jina la shamba, linamtia aibu. Mama alimtazama, akaendelea kupepeta mtama. Baadaye Hilda aliolewa Dar es Salaam, na huko hakuna aliyejua kwamba alikuwa na jina jingine. Mama alipofariki, nilibaki peke yangu ninayehesabu kwamba tulizaliwa watatu.

Sasa nije kwenye haya ya leo. Mjukuu wangu Neema alijifungua mwaka jana hapa Tabora, mtoto wake wa kwanza, akanipigia simu kwa furaha kunijulisha kwamba wamempa jina la asili. Wamemwita Shija. Nilimuuliza mapacha wako wapi. Akauliza mapacha gani, Bibi. Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema ni jina zuri, fupi, alilikuta kwenye simu yake akitafuta majina, na kazini kwao hakuna mwenye mtoto anayeitwa hivyo. Nilikata simu kwa sababu ningemtukana. Walitunyang'anya jina lilipokuwa na mtu ndani yake, wakaliita ushenzi. Leo limekauka, wanalivaa kama hereni. Baba aliokota jina la Mzungu kwenye kiberenge, na Neema kaliokota la kwetu kwenye simu, na mimi sioni tofauti yao ila nauli.

Hilda alikuja kwa treni kumwona mtoto. Ni bibi kizee sasa, masikio yake yamechoka. Tulikuwa tumekaa sebuleni, watu wengi, na Neema akaita kutoka chumbani, kwa ile sauti ya kubembeleza watoto, "Shija! Shija wangu!" Mdogo wangu aliinua kichwa. Akashika mkono wa kiti, akaanza kunyanyuka, akaitika, "Abee." Vijana walicheka sana. Mimi sikucheka, naye aliwatazama mmoja mmoja kisha akakaa. Baada ya muda mrefu alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Doto alifanana na mimi pacha wake.

Nilimjibu kwamba sijui. Aliyejua alikuwa Mama, na katika nyumba ile hakuna aliyemwachia nafasi ya kusema.