Kiondo cha Wamucii

Mama Wamucii aliuza viazi sokoni Eldoret, na kati ya mteja na mteja alisuka viondo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia, watoto wakatakiwa kufanya kazi za mikono shuleni, akamsukia bintiye pia. Yeye ana haraka, mtoto ana vidole vizito. Ya nini kuhangaika? Wamucii akapata alama thelathini na nane kwa arobaini. Walimu walijua ni kazi ya nani, wakanyamaza.

Mwezi wa nne malaria ilimchukua Wamucii. Mwezi wa saba Mwalimu Chelimo akaita wazazi waje darasani wafundishe wanachokijua. Mama Wamucii alikwenda kwa sababu aliitwa. Siku hizo alikwenda popote alipoambiwa, kama gunia.

"Mwalimu, mimi sina mtoto hapa tena," alisema mlangoni.

"Najua, Mama. Ingia tu."

Alifundisha kusuka bila kuhisi kitu. Watoto walikosea, akafumua, wakaanza upya. Kengele ilipolia, Chelimo akatoa kabatini kiondo kidogo kilichopinda, kimeishia nusu.

"Wamucii alikuwa anasuka hiki wakati wa mapumziko. Alisema atakuonyesha siku kitakaponyooka."

Mama Wamucii alikigeuza. Aliona kosa mzunguko wa tatu, na vidole vyake vikaanza kulifumua kwa mazoea. Kisha vikasimama. Taratibu akaurudisha uzi pale pale ulipokuwa, umepinda vile vile.