Mistari Myekundu ya Leonida

Miaka thelathini na moja ya ndoa, kazi ya kusema ilikuwa ya George Obonyo. Yeye ndiye aliyegombana na mwenye nyumba, yeye ndiye aliyesimama kanisani kutoa matangazo, hata yasiyomhusu. Mkewe, Leonida Aluoch, alikaa mlangoni pa nyumba yao kule Langas akifuma sweta za shule. Jirani akianika nguo kwenye kamba ya Leonida, yeye alianika zake juu ya ua bila kulalamika. Kisha kiharusi kikamwangusha George, kikamchukulia mkono na mguu wa kulia, na kauli yote.

Sasa ilikuwa siku ya tisa hospitalini, masikio mazima, ulimi umelala. Daktari alikuwa ameagiza ageuzwe kila baada ya masaa mawili. Ngozi ya nyonga ilikuwa imeanza kuchubuka, na asipogeuzwa kidonda kingechimba mpaka kwenye mfupa. George alisikia hayo, akamtazama mkewe, akakata tamaa. Nani angemsemea? Huyu?

Leonida aliomba ruhusa ya kushinda wadini, akapewa stuli. Asubuhi hiyo George alipokwisha kuogeshwa na kugeuzwa, mkewe alitoa sindano zake na uzi wa bluu, akaanza kufuma. Kufikia adhuhuri nyonga ilikuwa inawaka kama pasi, na George alikuwa na hasira ya kutosha watu watatu. Mtu mzima, mume wake anaoza, yeye anafuma sweta!

Saa tisa alipita Sista Jemutai, msimamizi wa wadi. Leonida akasimama.

"Sista, samahani. Bwana yangu hajageuzwa tangu saa mbili asubuhi."

Sista akaangalia chati. "Mama, hapa imeandikwa amegeuzwa mara nne. Saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane. Na imesainiwa."

"Zote zilisainiwa asubuhi, nikiona." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile ya siku zote. Akatandaza sweta juu ya blanketi. "Mimi kwa masaa mawili nafuma mistari ishirini na nne. Miaka ishirini sijabadilika. Akigeuzwa, natia mstari mmoja mwekundu. Hebu hesabu."

"Mama, leo tuko manesi wawili kwa wagonjwa arobaini."

"Najua. Nimewaona mkikimbia, hata chai hamjakunywa. Lakini nyonga yake haijui hayo. Kama hamjamgeuza, msiandike. Daktari atafikiri kidonda kimekataa dawa, kumbe ni mtu hajaguswa. Nifundisheni, niwasaidie."

Sista Jemutai akahesabu kwa kidole. Mstari mwekundu mmoja huku chini, kisha bluu, bluu tupu, mistari themanini na kitu. George alihesabu naye kwa macho. Tangu asubuhi mwanamke huyu alikuwa akimtetea, mstari kwa mstari, bila kupandisha sauti hata mara moja. Yeye, bingwa wa kelele, hakuwahi kushinda kesi kwa ushahidi kama huu. Aliona haya, na zaidi ya kuona haya, alistaajabu.

"Na uzi huu mweupe?" Sista aliuliza, akionyesha donge lililokaa zima kwenye stuli.

"Ni wa Mzee Munene, huyo wa kitanda cha pili. Naye aliagizwa kugeuzwa, na hana mtu wa kuja kumwona. Uzi wake sijautumia bado."

Sista akakunja mikono ya koti lake, akamwita mwenzake, wakasogea kwa George. Mwili mzima ulikuwa ukiwangoja. Leonida akanyoosha mkono, akawazuia.

"Tuanze na mzee. Yeye amekaa zaidi bila kugeuzwa."

George akabaki na moto wake nyongani. Akawasikia wakihesabu moja, mbili, tatu, akamsikia Mzee Munene akishusha pumzi ndefu. Angekuwa na ulimi, angeitangazia wadi nzima kwamba yule ni mke wake.