Bibi Onsi na Tonge la Mfalme

Bibi Onsi alikuwa mpishi wa wali wa kunata katika jumba la mfalme, Vientiane, mji mkuu wa Walao, na kwa wali huo alikuwa na kiburi kidogo. Haya, tuseme kikubwa. Wafalme walikuja, wafalme walikwenda, wengine kwa miguu yao, wengine kwa mikono ya Waburma. Yeye na chungu chake walibaki.

Safari hii Waburma walimrudisha mfalme kijana waliyemchukua utotoni wakamlea kwao Pegu. Alikuwa kama jogoo wa kuazimwa: awike, lakini alfajiri aijue mwenye jogoo. Na huko Pegu, masikini, wali wao ni wa chembechembe.

Siku ya kumfunga nyuzi za baraka mkononi, machifu walijaa ukumbini kumtazama anakulaje. Asiyeweza tonge si Mlao, nani atamtii? Msimamizi wa jiko alimwambia Bibi Onsi mapema, "Likimshinda, bibi, wewe na chungu chako mtafute jiko lingine."

"Sasa nimtafunie? Meno yenyewe yamebaki mawili!"

Mfalme akanawa, akamega vidole vikichuruzika maji. Lo! Wali ukamganda kama ulimbo. Akiubandua mkono huu, unahamia ule. Chifu mmoja mnene akaficha kicheko kiganjani.

Bibi Onsi hakuvumilia. Akatambaa kwa magoti toka mlangoni hadi miguuni pa mfalme.

"Mjukuu wangu," akasema, utukufu wote ameusahau, "huo si mwizi, usiukabe. Kausha mkono. Mega kidogo, uviringishe kwa ncha za vidole."

Mwangalizi wa Kiburma, aliyekuja kumchunga mfalme, akaacha kutafuna.

"Hivi, bibi?"

"Dogo zaidi. Una njaa au una hasira?"

Mfalme akacheka. Tonge likatoka safi, likachovywa kwenye mchuzi wa samaki, likapita.

"Tamu! Ongeza."

Basi, desturi haimruhusu mtu kuinuka kabla ya mfalme, na mfalme alikuwa amenogewa. Kikapu cha pili, cha tatu. Miguu ya machifu ikafa ganzi pale ilipokunjwa.

"Baba," mfalme akamwuliza yule mnene kwa upole, "nimekula Kilao, au nirudie?"

"Kilao, Mtukufu! Kilao kabisa! Usirudie!"

Jikoni, msimamizi mwenyewe alimbebea Bibi Onsi kuni.