Mwaija wa Kwamsisi na Kichwa cha Hafsa

Mwaija wa Kwamsisi alikuwa na dharau ya kugawia kijiji kizima na nyingine ikabaki. Majirani zake wote kwake ni vichwa panzi. Mwanawe wa kumzaa, Sabiri, alimwita gunia tupu, maana kila alipolisimamisha lilianguka. Lakini fungu nono alimwekea Rukaya, aliyekuwa mke wa Sabiri. Kisimani, mashineni, hata matangani watu wakiwa hawajakausha machozi, Mwaija alisema lilelile: mzembe yule alimwachia mtoto degedege mpaka likamharibu kichwa.

Mtoto mwenyewe ni Hafsa. Alipokuwa na miaka minne malaria ilimpanda kichwani, akakakamaa, akatetemeka, macho yakageuka. Huku kwetu hali hiyo ndiyo degedege, na wapo hadi leo wanaoapa kwamba ni jini. Alipona malaria, lakini kifafa kikabaki. Sabiri akaambiwa na mama yake aandike talaka, naye gunia tupu akaandika. Rukaya akarudi kwao Mashewa mikono mitupu, Hafsa akabaki kwa bibi.

Tuseme haki hata kama haipendezi: Mwaija alimlea. Hafsa akianguka, majirani walirudi nyuma wakiziba pua, eti pumzi ya mgonjwa ikikupata umekwisha. Mwaija aliwapita katikati yao, akamlaza mjukuu wake ubavu, akamwekea khanga chini ya kichwa. Nyumba moja walipomtengea Hafsa kikombe chake peke yake, Mwaija alikichukua akakinywea yeye, akawauliza kama nao watamtengea chake. Vidonge vya asubuhi na jioni havikukosa hata siku moja kwa miaka kumi.

Mwaka huu Hafsa ametimiza kumi na minne, na kifafa kimezidi. Vidonge vilevile, lakini sasa anaanguka mara tatu kwa wiki. Rukaya akaja Kwamsisi, akapiga magoti, akasema: "Shikamoo, mama. Naomba mtoto akae kwangu Mashewa. Kliniki ya Korogwe iko karibu, na daktari anataka amwone kila mwezi."

"Marahaba," alisema Mwaija. "Nimpe mtoto mtu aliyeshindwa kumshika? Twende wote kwa huyo daktari. Akisema kichwa hiki kiliharibiwa na kuchelewa, mtoto hutamtaja tena mpaka nizikwe."

Rukaya akasema, "Haya, mama."

Huyo ndiye Rukaya. Haya, mama. Ungemwambia jua ni jungu angekwambia haya, mama.

Daktari alikuwa kijana mmoja jina lake Gerald, mwenye shingo nyembamba na kola pana. Mwaija alimtazama toka viatu mpaka nywele na hakuona daktari popote. Watatu wakakaa kwenye benchi, Hafsa katikati.

Gerald akaeleza taratibu. Ubongo una seli za neva, ndizo zinazopelekeana habari. Lakini neva haziko peke yake, zimezungukwa na seli nyingine ziitwazo glia. "Zamani wataalamu walidhani glia kazi yake ni kuzishika neva zisisambae, kama gundi," alisema. "Kumbe zinasikiliza na zinajibu. Neva ikitaka kumwamsha mwenzake humwaga kemikali. Glia hufyonza inayobaki, ili wito uishe. Nazo glia hutoa kemikali zao, za kuiambia neva ongeza au punguza. Halafu ziko ndogo zaidi zinazolinda na kuzoa uchafu."

"Yaani miaka yote hiyo shuleni," alisema Mwaija, "mmekwenda kujua kwamba kichwani kuna wafagizi."

"Ndiyo, bibi. Na wafagizi wakiugua, nyumba nzima inaugua."

Jibu hilo lilimkera kwa sababu lilikuwa zuri. Shughuli ngapi amezipikia yeye, macho yamejaa moshi, na anayesifiwa ni bwana harusi.

"Mtoto akipata malaria ya ubongo, akatetemeka muda mrefu," Gerald aliendelea, "glia zinaweza kubadilika. Zile za ulinzi huendelea kutoa kemikali za vita wakati adui ameshaondoka. Zile za kufyonza hazifyonzi vizuri. Hapo neva zinaitana bila wa kuzinyamazisha, na mtoto anaanguka. Siwezi kusema ndivyo ilivyo kwa kila mtoto. Ila muda una uzito wake. Ndiyo maana nataka kujua, kabla sijabadilisha dawa. Siku ile ya kwanza alitetemeka kwa muda gani, na alitibiwa vipi?"

Mwaija alifungua kinywa amtaje mzembe, kama alivyomtaja miaka kumi. Maneno yalikuwepo, yamezoea njia. Uongo ukishapikwa muda mrefu, hata aliyeupika huula akashiba.

Lakini alikuwapo siku ile, na macho yake yaliona. Rukaya, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kandambili moja tu mguuni, anakimbilia zahanati. Aliyesimama mlangoni akaeneza mikono ni Mwaija. Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, alisema, kila mtu anajua hilo. Akamnyang'anya mtoto, akamfukizia kinyesi cha tembo chini ya shuka. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Sindano alipata siku ya tatu, na hakufa.

Kabla Mwaija hajatamka, Rukaya aliinua uso.

"Nilichelewa mimi, daktari," alisema. "Nilikuwa mdogo, sikujua. Nilimkalisha nyumbani."

Akasema kwa sauti ileile ya haya, mama. Hakumtazama Mwaija. Alikuwa amekuja kutoka Mashewa kumwomba mtoto wake, na sasa anamtoa kwa mdomo wake mwenyewe ili mwanamke aliyefanya aachwe asiaibike mbele ya mjukuu.

Gerald akashika kalamu. Mwaija akaona inateremka kwenye karatasi.

"Usiandike," alisema. "Huyu hata uongo hawezi kuusema ukanyooka. Alikuwa ameshafika mlangoni na mtoto mgongoni. Niliyekataza sindano ni mimi. Nilimfukiza kwa siku mbili. Mbili kamili. Andika hivyo."

Gerald akaandika. Hakumlaumu, na Mwaija alimdharau pia kwa hilo. Akabadilisha dawa, akaeleza namna ya kuiongeza kidogo kidogo bila kuikatisha ile ya zamani kwa ghafla, akasema warudi baada ya wiki nne. Rukaya alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Stendi ya Korogwe wakasimama mahali ambapo gari la Mashewa na la kuelekea Handeni yalikuwa yamepeana mgongo. Mwaija akampa Rukaya mfuko wa dawa.

"Asubuhi na jioni, baada ya kula," alisema. "Na usimpe kwa ule uvivu wako."

"Haya, mama."

Hafsa akamgeukia bibi yake. "Bibi, kwa nini miaka yote ulisema ni mama?"

Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kijiji kizima alilitafuta jibu. Alipolipata lilikuwa la kweli, na lilikuwa baya kuliko yote aliyowahi kuyasema.

"Kwa sababu hakukataa."

Hafsa akapanda gari la Mashewa, akaviacha viti vyote vya upande aliosimama bibi yake, akaenda kukaa dirisha la upande wa pili.