Nilivyojigeuza Mgomba

Dada yangu alipofariki, ukoo ulinichagua kuwa msimamizi wa mirathi yake. Ndimi kaka pekee niliyebaki, na tena, walisema, nimesoma. Nilimaliza kidato cha nne. Kwetu Waluguru mjomba ndiye anayesimama kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo sikuwa na pa kukwepea.

Watoto wenyewe ni wawili. Binti ni muuguzi, anaishi na wanawe watatu katika nyumba ya mama yake pale Bigwa. Kijana anauza vipuri vya magari Dar es Salaam. Marehemu hakuacha wosia. Aliacha nyumba, kiwanja chake, na picha moja.

Picha ile aliichora mwenyewe kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, pana kama kitanda cha mtoto. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alichora tangu utoto kwa chochote kilichoacha alama. Picha nyingine aligawa kwenye harusi za watu. Hii hakuigawa. Ilining'inia sebuleni kwake miaka zaidi ya ishirini, na kila mgeni aliyekaa kwenye kochi aliitazama.

Tulipokaa kikao cha familia, kijana alifungua mazungumzo kama mtu anayefungua duka.

"Anko, mimi sina ugomvi na mtu. Kuna tajiri mmoja ana hoteli, anaitaka ile picha. Ila anataka cheti cha mthamini, maana ataikatia bima. Ikifika nusu ya thamani ya nyumba, nachukua picha, dada abaki na nyumba yake. Isipofika, tunauza nyumba tunagawana."

Dada yake hakubisha. Aliniuliza mimi, "Nikitoka hapa, mjomba, naenda wapi na hawa watatu?"

Nikasema, "Picha itafika. Ile ni kazi ya mikono ya mama yenu." Wakati huo picha ilikuwa stoo kwangu, imefunikwa khanga, na nilikuwa nimeshaifanyia kitu.

Nieleze picha ilikuwa na nini. Inaonyesha mto unaoshuka Uluguru siku ya mvua. Mama yetu yuko ndani ya maji mpaka kiunoni, amebeba mkungu wa ndizi za kupeleka sokoni, na maji yanamyumbisha. Dada yangu, mtoto wa miaka kumi, anamvuta mkono. Ukingoni, pakavu, amesimama kijana mwenye sare ya shule na viatu vyeusi vya kufunga kamba. Kijana huyo ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo, na viatu vile mama alininunulia kwa ndizi. Aliniita nimpokee mkungu. Nikamjibu, "Nina viatu, mama." Mkungu ulikwenda na maji, na mama nusura aufuate. Nyuma ya picha dada aliandika kwa chaki: Kaka ana viatu.

Hakuwahi kunisema kwa hilo. Nilipomlalamikia kuhusu picha alinijibu, "Kwani nimekuchora vibaya? Hata mikunjo ya suruali nimekupigia pasi."

Kwenye matanga sebule ilijaa watu, hawana pa kutazama ila ukutani. Mzee mmoja wa kanisani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Huyu aliyesimama ni nani? Mbona haokoi?" Siku ya tatu niliishusha picha, nikasema naipeleka kwangu isije ikaharibiwa na umati. Wakanisifu kwa kujali.

Nyumbani nilikuwa na kopo la rangi ya mafuta ya kijani, masalio ya geti. Nilipanga kufuta uso tu. Lakini kijana mwenye sare na asiye na uso anatisha kuliko mwenye uso. Nikaendelea na mabega, nikaendelea na kiwiliwili, na nilipofika magotini nikaona kwamba nilichokuwa nacho ni shina la mgomba. Nikauongezea majani. Sijawahi kuchora maishani, lakini mgomba Mluguru yeyote anaujua. Rangi ikaniishia kwenye vifundo vya miguu. Viatu nikavifunika kwa nyasi, kwa rangi ya maji ya ukutani, na nikaenda kunywa chai nikiwa na amani ambayo sasa naionea aibu kuliko mgomba wenyewe.

Mthamini wa kwanza alikuwa wa nyumba na viwanja. Alipima nyumba kwa futi kamba, akahesabu mipapai mitatu, mfenesi mmoja, migomba tisa. Kisha akaja kwangu kuona picha, akaipima nayo: urefu, upana, unene wa fremu. Akaandika "samani, mninga."

"Na kilichochorwa?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, fomu yangu haina kilichochorwa." Akautazama mgomba. "Huu ningekuhesabia, kama ungekuwa na mizizi ardhini."

Hoteli ilikataa cheti hicho. Ndipo kijana alipomleta kutoka Dar mthamini wa kazi za sanaa, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Tulikutana sebuleni Bigwa. Nikaifunua khanga.

Binti aliitazama picha muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mjomba, wewe uko wapi?"

"Si nipo hapa."

"Kwenye picha, mjomba. Hapo si ndipo ulipokuwa umesimama?"

"Rangi za zamani hupauka," nikasema.

"Umepauka ukawa mgomba?" kijana akauliza.

Mthamini alikuwa ameshainama na tochi yake yenye mwanga wa zambarau. "Mzee, huu mgomba umeota lini?"

"Wa siku nyingi."

"Bado unanuka rangi." Akalowesha pamba kwa maji, akapangusa nyasi taratibu kama anayemfuta mtoto mdomo. Nyasi zikatoka. Vikajitokeza viatu viwili vyeusi, kamba zimefungwa vizuri.

Binti akasogea karibu kuvitazama. Kisha kijana akashika tumbo. "Anko! Mgomba umevaa viatu! Tena umefunga kamba!"

Nami, badala ya kunyamaza, nikaongeza uongo. "Labda marehemu alikusudia hivyo."

Nilidhani nitachekwa tena. Mthamini akasimama wima. Akaeleza kwamba kama mchoraji mwenyewe ndiye aliyemfuta kaka yake akaweka mgomba wenye viatu, basi hii ni kazi ya ajabu, na bei inapanda. Kama amepaka mtu mwingine baadaye, ni uharibifu, na bei inashuka. Rangi ya mgomba haitatoka bila kubandua na ile ya chini. Kwa hiyo anahitaji hati ya kiapo kutoka kwa mtu anayeijua historia ya picha.

Kijana akanivuta uani. "Anko, apa. Sema mama ndiye aliyepaka, alipokuwa anaumwa. Mgomba msomi! Wazungu watalia machozi. Dada anabaki na nyumba, mimi nauza, wewe unapata heshima. Nani anapoteza?"

Nakiri nilishaanza kupanga maneno. Nilijiambia ni kwa ajili ya binti. Nikarudi ndani nikamwambia, nikitegemea atanishukuru. Alikuwa amepiga magoti mbele ya picha, anavitazama viatu.

"Mama hakuwahi kuchora mgomba mbaya hivi," akasema. "Usimsingizie mama mgomba."

"Lakini nyumba, mwanangu?"

"Nimesikia, mjomba. Nimesema usimsingizie."

Basi tukaenda kwa wakili mjini, wote wanne. Wakili alikuwa bado mdogo kwa umri, akanipa shikamoo, akaniuliza dini na kabila, akaanza kuchapa huku akisoma kwa sauti. "Kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kwamba mimi ndiye kijana aliyekuwa ukingoni mwa mto. Kwamba kwa hiari yangu, na bila kushurutishwa na mtu, nilijipaka mgomba." Akasimamisha vidole. "Mzee, tuseme 'nilijipaka' au 'nilijifunika kwa'?"

"Andika nilijipaka."

"Na sababu? Mahakama hupenda sababu."

Nikamweleza mto, mkungu, na nilichomjibu mama. Karani aliyekuwa anabana karatasi akaacha kubana. Wakili akaandika yote kama aya ya saba, akasoma: "Kwamba mwapaji alimjibu mama yake kuwa ana viatu." Kisha akanipa Biblia nishike, nikaapa kwamba hayo yote ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu. Miaka hamsini nimekwenda kitubio na sikuwahi kulitaja lile jambo. Nililitaja kwa mara ya kwanza mbele ya mhuri.

Cheti kilitoka baada ya wiki tatu. Kilikuwa na thamani mbili: ile ambayo picha ingekuwa nayo bila mgomba, na ile iliyonayo. Ya kwanza ilivuka nusu ya nyumba. Ya pili haikufika. Kijana alizitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Anko, hapa katikati ni wewe."

Niliomba anipunguzie. Nilimpa shamba langu la mlimani, akasema halifiki gari. Mwisho alikubali kuchukua picha pamoja na kipande cha kiwanja kinachotazama barabara, ili nyumba isiuzwe. Dada yake akasaini. Mimi nikasaini kama msimamizi. Mahakama ya mwanzo ikapokea orodha, na hakimu, alipofika kwenye kiambatanisho cha kiapo, aliomba glasi ya maji.

Picha sasa iko hotelini. Nasikia wageni wanapigwa picha nayo. Sijaenda.

Kipande kile kilichotolewa ndicho kilichokuwa na bustani ya mchicha, na mpaka wake unapita karibu na jiko. Kijana amemuuzia mtu wa fremu za maduka, naye ameshajenga ukuta. Dirisha la jiko la binti linafunguka nusu, linagota tofali. Saa sita mchana anapika akiwa amewasha taa.

Naenda pale kila Jumamosi. Ananisalimia shikamoo kama zamani, ananivutia kigoda, ananimenyea ndizi. Jumamosi iliyopita nilimwambia nitaleta fundi ageuze dirisha lifungukie ndani.

"Likifungukia ndani litagonga masufuria, mjomba."

"Basi tuhamishe masufuria."

"Wapi?"

Tukatazama jiko lote, mimi na yeye, kona kwa kona. Hapakuwa na mahali.