Mlingoti wa Opolot

Kabla ya mwaka wa 1974, Adungosi nzima ilijua kwamba radi ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mzee Ekwaro. Ilikuwa imempigia ghala, kisha fahali, kisha choo, na kila mara alipokea pole kwa uso wa mtu anayepongezwa. Mawingu yakijikusanya upande wa Tororo, watu walimgeukia yeye kwanza.

Ndipo akaja Kariuki, mtafiti kutoka Nairobi, kuchunguza jinsi mawingu ya dhoruba yanavyojijaza umeme kabla ya kupiga. Ekwaro alimchinjia kuku, akamsimulia ghala, fahali na choo. Kariuki alisikiliza sana, akashukuru, kisha akausimamisha mlingoti wa chuma wenye kifaa chake cha kupimia umeme wa hewani kwa jirani, Opolot, mtu ambaye hajawahi kupigwa hata na mkewe.

Opolot akaanza kutembea akiangalia juu. Sokoni, akiulizwa bei ya mtama, alijibu kwamba leo hewa imejaa.

"Siku hizi anavaa viatu," Ekwaro alimwambia mkewe, Apolot. "Kwa sababu ya chuma."

"Na wewe ungevaa," Apolot akasema, "kama ungekuwa navyo."

Ekwaro akaenda Malaba, akanunua bomba la maji refu kuliko ule mlingoti, akalisimika nyuma ya jiko. Dhoruba iliyofuata haikumwangusha. Radi ilishuka na bomba, ikapasua ukuta, na jiko likateketea. Kwa bahati Apolot alikuwa kisimani.

Kariuki alikuja mbio, lakini kwa Opolot. Kifaa kilikuwa kimelinasa pigo lote na kulichora kwenye karatasi yake, tangu wingu lilipoanza kujijaza. Alimpa Opolot mkono, kisha wakaja pamoja kuona majivu.

"Sasa umeona," Ekwaro akamwambia Kariuki. "Lete hiyo mlingoti hapa."

"Mzee, haiwezekani. Hii kitu inasikia radi ikiwa mbali. Ikipigwa yenyewe, imekufa. Nilikuwa natafuta boma haijawahi kupigwa. Ile siku ya kuku ndiyo nilijua si hapa."

Opolot alikuwa amebeba mzigo wa nyasi za kuezekea. Akautua.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Lakini imetoka vizuri sana kwa karatasi yangu."

Apolot alizipokea nyasi. Ekwaro aliikataa ile pole, ya kwanza kuikataa maishani, akaenda kung'oa bomba, lisije likampa Opolot radi nyingine.