Mhuri wa Siku ya Mia
Nimegongewa mihuri kwenye mipaka mingi, lakini sijaona aupuliziaye mhuri pumzi ya moto, kama mtu anayesafisha miwani, ila karani wa utafiti katika kliniki yetu ya walevi hapa Osaka. Kila asubuhi sisi tunapuliza kipima pombe, yeye anapulizia mhuri na kuugonga kwenye kadi ya kila asiyekutwa na pombe. Vidole vyake vimekolea wino mwekundu. Sauti yake imenyooka kama rula, kwa sababu utafiti unamkataza kumpongeza mtu au kumkemea. Huuliza tu, akaandika.

Jana mzee Kuroiwa, mfunga vyuma wa maghorofa, alifika siku ya mia. Binti yake alishamwambia kwamba bila kadi yenye mihuri mia asikanyage harusini. Akapuliza. Sifuri.

“Leo una sababu ya kunywa?” karani akauliza.

“Ninayo. Binti yangu anaolewa Jumapili.”

“Na sababu ya kutokunywa?”

“Ndiyo hiyohiyo, dada.”

Akaandika. Akaupulizia mhuri, akaugonga kwa nguvu, akamkabidhi kadi kwa mikono miwili. Mzee akaikodolea macho.

“Dada, umegonga hewa. Wino uko wapi?”

Karani akaangua kicheko, akakiziba kwa kiganja, kisha akagonga upya, mhuri ukatoka mwekundu kama pilipili.

“Anayefuata,” akaita kwa sauti ileile ya rula, wino umemtapakaa shavuni. Foleni nzima tulimwona, na hakuna aliyemwambia.